Cheni ya taimingi ya pikipiki: uifungue mwenyewe nyumbani au umpe fundi?

Asubuhi unapiga stata, na upande wa kushoto wa injini unasikia mkwaruzo, kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo. Ukivuta mafuta unapungua, ukiachia ghafla unarudi kwa nguvu. Wenzako kijiweni wanakuambia cheni ya taimingi imechoka, yaani ile ya ndani ya injini inayozungusha kamshafti, shafti inayofungua valvu kwa wakati wake. Hapo una njia tatu: kuifungua mwenyewe nyumbani, kumpa fundi wa mtaani, au kuipeleka kwenye gereji ya wakala aliyekuuzia pikipiki. Mimi nimepita zote tatu kwa nyakati tofauti, na pikipiki yangu ni ya cc 150 inayobeba abiria kila siku, kwa hiyo naandika nikiwa na hesabu ya tajiri kichwani.

Msimamo wangu nauweka mapema. Anayeifanya kazi hii kwa mara ya kwanza anaweza kuimaliza vizuri, tena kwa uangalifu kuliko fundi mwenye foleni ya pikipiki sita. Ila lazima awe na vitu viwili: pula ya magneti inayoingia kwenye injini yake (kifaa cha kutolea magneti, gurudumu la sumaku lililo ubavuni mwa injini), na siku nzima ambayo pikipiki haidaiwi hesabu. Kimoja kikikosekana, mpe fundi.

Kwanza hakikisha cheni unayo

Sisemi hivi kukupotezea muda. Pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria na magunia huku kwetu zina injini iliyoigwa kutoka Honda CG125 ya katikati ya miaka ya 1970, na injini hiyo haina cheni ya taimingi kabisa. Kamshafti yake iko chini, inazungushwa na gia, na rodi mbili nyembamba ndizo zinazosukuma roka kule juu, vile vyuma vinavyobonyeza valvu. Kama yako ni ya aina hiyo na inapiga kelele, tatizo liko kwingine, na anayetaka kukuuzia cheni ya taimingi anakula hela yako bure. Boxer 150 na TVS HLX zenyewe zina kamshafti juu, kwa hiyo zina cheni.

Namba iliyogongwa kwenye injini haitakusaidia kutofautisha. 162FMJ inakuambia silinda moja, pistoni ya kipenyo cha 62 mm, kupozwa kwa upepo na ukubwa wa cc 150, basi. Ziko 162FMJ za rodi na ziko za cheni. Angalia nyuma ya bloku, chini ya kabureta. Ukikuta kidude kimeshikwa na bolti mbili, na katikati kina bolti ndogo ya kufunika, hiyo ni tensheni, kifaa kinachoikaza cheni. Penye tensheni pana cheni.

Jambo jingine linalowachanganya wengi ni video za mtandaoni zinazoonyesha mkanda wa taimingi ukibadilishwa kwenye pikipiki. Mikanda hiyo ya mpira ipo kweli, ila kwenye pikipiki chache: Ducati waliianza na Pantah 500 mwishoni mwa miaka ya 1970, na Honda Gold Wing ilikuwa nayo tangu GL1000 ya 1975 hadi GL1500, kabla ya GL1800 ya 2001 kuhamia kwenye cheni. Mkanda unakaa pakavu, nje ya oili, nyuma ya makava mepesi. Unabadilishwa kwa umri au kwa kilomita hata kama unaonekana mzima, kwa sababu unaweza kukatika bila kupiga kelele yoyote. Kwenye Ducati hata mkazo wake unaweza kupimwa kwa kuudonoa kama uzi wa gitaa na kupima mlio. Cheni yetu inaishi ndani ya oili, nyuma ya magneti, na inalia muda mrefu kabla ya kufa. Kwa hiyo ukifuata video ya mkanda ukiwa mbele ya Boxer, utakwama pale pale kazi inapoanza kuwa ngumu.

Na kabla hujanunua chochote, pima tapeti, zile skrubu za kwenye roka zinazogusa valvu, injini ikiwa baridi. Tapeti zilizolegea zinapiga tik-tik nyepesi, ya mapigo yaliyo sawa, juu kabisa kwenye kichwa cha injini. Cheni inakwaruza chini zaidi, pembeni. Nimewahi kuona mtu ananunua cheni mpya, anafunga, na tik-tik yake iko pale pale.

Kwa nini inalegea

Watu wanasema cheni imevutika. Chuma hakijavutika kama mpira. Pini zake na matundu yake ndivyo vinavyolika. Chukua cheni ya pingili 90. Kila pingili ikilika 0.02 mm tu, urefu wote unaongezeka 1.8 mm. Tensheni inasukuma reli ya plastiki inayoiongoza cheni, ili kumeza huo ulegevu, mpaka siku inafika mwisho wa safari yake na haina tena pa kusukuma. Hapo ndipo mkwaruzo unapoanza. Oili chafu au pungufu inaharakisha yote haya kuliko kitu kingine chochote.

Nalisema hili kwa sababu lipo jibu la nne ambalo utapewa kijiweni: “Tutaikaza tu.” Fundi anafungua tensheni, anaivuta springi iwe ndefu zaidi, au anaweka washa nyuma yake, na kelele inapotea siku hiyo hiyo. Usikubali. Cheni iliyolika bado imelika. Sasa inabanwa kwenye reli kwa nguvu isiyopangwa, plastiki inachongeka, na vipande vyake vinaenda kwenye chujio la oili. Ikiruka meno kadhaa au kukatika ukiwa kwenye mwendo, valvu zinaweza kukutana na pistoni. Utaanza kuulizia bei ya hedi, yaani kichwa cha injini, wakati ungeulizia bei ya cheni.

Nyumbani: mahali pa kuamulia ni magneti

Sehemu ya juu ya kazi haina ugumu. Unamwaga oili, unatoa plagi, unafungua kava la tapeti na la pembeni, unaiona sproketi ya kamshafti na cheni imeizunguka. Anayeweza kurekebisha tapeti hatashindwa hapo.

Ugumu uko chini. Cheni hii kwa kawaida haina kiungo, ni duara moja. Ili itoke kwenye sproketi ndogo ya krankishafti (shafti inayozungushwa na pistoni), kava la magneti litoke, kisha magneti yenyewe itoke. Magneti imebana kwenye mwisho wa krankishafti uliochongwa kama koni, na haitoki kwa kuvutwa na mikono. Inatoka kwa pula, ile inayoingia kwenye nyuzi za magneti, ukakaza bolti ya katikati mpaka inaachia kwa mlio mkali mmoja. Pula zinatofautiana nyuzi, kwa hiyo unaponunua taja pikipiki yako, na ijaribu kwa vidole kwanza: iingie mizunguko yote kwa urahisi. Kaza nusu na ulazimishe, nyuzi za magneti zitang’oka, na kazi ya siku moja inageuka kuwa ya kutafuta magneti nyingine.

Bila pula watu wanatumia nyundo na mitaimbo. Nyundo inaweza kupinda krankishafti na kupasua sumaku zilizogandishwa ndani. Sioni sababu ya mtu kuanza kazi hii nyumbani akitegemea nyundo. Afadhali asianze.

Ikishatoka, kuna vitu vitatu ambavyo fundi anavijua kwa mazoea na wewe utalazimika kuviwekea akili. Cha kwanza ni kifunguo kidogo cha umbo la nusu mwezi kilichokaa kwenye mfereji wa krankishafti. Kikidondoka na ukafunga magneti bila hicho, moto wa plagi utapiga wakati usio wake. Cha pili, kama pikipiki ina stata ya umeme, nyuma ya magneti kuna klachi ya stata yenye rola na springi ndogo ambazo zinaruka ukizigusa vibaya. Piga picha kwa simu kabla hujagusa. Cha tatu ni sumaku yenyewe. Ukiilaza magneti chini itavuta vumbi la chuma, washa, hata bolti uliyokuwa unaitafuta. Mimi naifunga ndani ya mfuko safi wa plastiki, na kabla ya kuirudisha napitisha kidole ndani mzunguko mzima. Mara ya kwanza kidole kilikutana na kipande cha chuma kisichozidi punje ya mchele. Hicho kingezunguka na magneti na kukata nyaya za koili.

Halafu alama. Hapa ndipo mtu wa nyumbani anaweza kumshinda fundi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwenye magneti kuna mstari wenye herufi T. Ukiuleta mbele ya alama ya kwenye kava, pistoni iko juu kabisa. Kuna na F pembeni yake, hiyo ni ya moto wa plagi, usiichanganye. Unazungusha krankishafti kwa spana kuelekea mbele, yaani kule magurudumu yanakoelekea. Ukiwa upande wa kushoto ni kinyume cha saa. Kule juu, alama za sproketi ya kamshafti zinatakiwa zilale sambamba na ukingo wa hedi, au zielekee pale kitabu cha pikipiki yako kinaposema. Tapeti zote mbili ziwe zinacheza kidogo kwa vidole. Kama zimebana, uko kwenye mzunguko usio wake. Zungusha krankishafti duara moja zaidi.

Weka T kabla hujalegeza chochote na upige picha. Toa tensheni kabla ya sproketi, kamwe si baada yake. Ukishafungua sproketi, funga cheni kwa waya na uishikize juu ili isizame. Ziba shimo la cheni kwa kitambaa safi, maana bolti ikizama humo utaufuatilia mlio wake mpaka kwenye sampu, chini kabisa oili inakokaa.

Wakati wa kufunga, magneti na kava lake vikiwa vimerudi ili uione T, upande wa cheni ulio mbele, ule usio wa tensheni, uwe umenyooka kabisa alama zikiwa zimekaa. Ulegevu wote uende nyuma, tensheni iumeze. Tensheni yenyewe irudishwe ndani kwanza: nyingi unaingiza bisibisi ndogo nyuma yake, unazungusha mpaka ncha inaingia, unaishikilia, unafunga bolti mbili, ndipo unaachia. Ukiifunga ikiwa imetoka nje, unaivunja reli au unaikaza cheni kupita kiasi.

Kisha, kabla ya makava ya juu kurudi, zungusha injini kwa spana duara mbili kamili. Mbili, kwa sababu kamshafti inazunguka mara moja kila krankishafti ikizunguka mara mbili. Plagi ikiwa nje mkono unapaswa kusikia uzito laini wa springi za valvu unaokuja na kuondoka. Ukigota ghafla, chuma kwa chuma, simama. Usiongeze nguvu. Rudi nyuma uhesabu upya. Duara mbili zikiisha, T irudi mahali pake na alama za juu zirudi mahali pake.

Jino moja tu linaleta madhara gani? Sproketi ya juu ikiwa na meno 34, jino moja ni kama digrii 10.6 za kamshafti, sawa na digrii 21 za krankishafti. Injini inaweza kuwaka hivyo hivyo. Itakuwa nzito mlimani, itachemka, itakula mafuta, na utabadilisha kabureta na plagi ukitafuta ugonjwa usiokuwepo huko.

Fundi wa mtaani

Uzuri wake ni muda na mkono. Kazi iliyonichukua kutoka saa mbili asubuhi hadi karibu na magharibi, yeye anaimaliza kabla ya chakula cha mchana. Ana pula, amefungua magneti nyingi, na ukimletea cheni mbovu ya dukani ataijua kwa kuishika. Kwa mtu wa mkataba hilo ni kubwa: tuseme hesabu ni 10,000 kwa siku, ukilaza pikipiki siku mbili nyumbani kwa sababu umekosa gasketi, tayari umeshalipa pesa ambayo ingeingia kwenye ufundi.

Udhaifu wake ninaoujua ni kwamba anapima kwa kuwasha. Anafunga, anapiga stata, inawaka, kazi imeisha. Niliwahi kulipia kazi ya namna hiyo. Pikipiki iliwaka vizuri tu, lakini ikawa haipandi kilima chenye abiria wawili ambacho jana yake ilikipanda kwa gia ya tatu. Nilirudi, ikafunguliwa, jino moja. Hakuna aliyefanya kwa ubaya. Mtu alikuwa na pikipiki nyingine inamsubiri.

Kwa hiyo ukichagua fundi, chagua kukaa naye. Nunua vifaa mwenyewe, mkabidhi, omba vya zamani akurudishie mkononi. Kwa heshima mwambie: “Fundi, kabla ya kupiga stata naomba tuizungushe kwa mkono mara mbili tuone alama zinarudi.” Fundi mzuri hakasiriki kwa ombi hilo. Akikuambia hakuna haja, au ukiona nyundo inaelekea kwenye magneti, una haki ya kusema subiri.

Gereji ya wakala ina faida ya vifaa halisi na vipimo vya kukazia bolti. Bei inapanda, na ukiwa wilayani yaweza kuwa mbali sana kwa pikipiki inayolia. Kama bado iko ndani ya waranti nenda huko moja kwa moja, kwa sababu ukifungua kava la magneti mwenyewe unaweza kuipoteza.

Cheni peke yake au seti nzima

Ukiingia Kariakoo ya Dar es Salaam au Kirinyaga Road ya Nairobi utauziwa cheni peke yake, au cheni na sproketi, au seti yenye reli mbili na tensheni. Kwa injini iliyokwisha kukwaruza, mimi nanunua seti. Cheni mpya kwenye sproketi yenye meno yaliyochongoka italika upesi, na reli yenye mfereji uliochimbika haiishiki cheni sawasawa. Tatizo la seti kwa anayeanza ni reli ya mbele. Kwenye injini nyingi imebanwa kati ya hedi na bloku, haitoki mpaka hedi ifunguliwe, na hedi inaleta gasketi yake na mpangilio wake wa kukaza. Basi chungulia kwa tochi kupitia shimo la juu. Reli ya mbele ikiwa laini, haina nyufa wala mfereji mrefu, iache. Badilisha cheni, sproketi, reli ya nyuma na tensheni. Ikiwa imechimbika, kazi imekuwa kubwa kuliko ya mara ya kwanza, na hapo ningempa fundi bila kusita.

Dukani, chukua cheni ya zamani kama tayari umeifungua. Zining’inize zote mbili kwenye msumari mmoja, ya zamani na mpya. Ya zamani itashuka chini kidogo. Hiyo ni kawaida, ndiyo sababu umekuja. Hesabu pingili kwa kidole, zilingane moja kwa moja. Kisha ishike mpya kwa ubavu, uinyooshe kama upanga: isiyo na ubora inalala pembeni kama kamba. Yenye kiungo cha klipu, kama cheni ya tairi, usiinunue kwa kazi hii.

Mimi ningechagua vipi

Pikipiki yako binafsi ya kwenda kazini, una banda lenye mwanga, kitabu chake unacho, tapeti unazirekebisha mwenyewe na pula umeipata: fungua nyumbani, siku ambayo kesho yake maduka yapo wazi. Pula haiishi kwa kazi moja. Kijiwe cha watu kumi wenye pikipiki za aina moja kikichanga, kila mmoja ameshapata.

Pikipiki ya mkataba inayodaiwa kila jioni, na wewe hujawahi kufungua hata kava la tapeti: fundi, na ukae naye. Anza na tapeti nyumbani mwaka huu. Alama za T utakuwa umezizoea ikifika zamu ya cheni.

Ukiwa umefunga mwenyewe, tia oili mpya, acha plagi nje, piga kiki mara kumi kumi na tano ili oili ipande mpaka kwenye kamshafti. Pima nafasi ya tapeti kwa fila, vile vibati vyembamba vya kupimia, kwa kiwango cha kitabu. Injini nyingi za cc 100 hadi 150 ziko kati ya 0.05 na 0.10 mm. Rudisha plagi, washa, iache ingurume taratibu dakika chache bila kuivuta, sikio likiwa upande wa kushoto. Oili ya zamani irudishe kwenye galoni, usiimwage mtaroni. Baada ya kilomita 500 fungua tena kava la tapeti, upime upya, na umwage hiyo oili mpya hata kama inaonekana safi: reli mpya huacha vumbi la plastiki siku za mwanzo, na utaliona likielea ukiimwagia kwenye beseni jeupe.